Kuandika kwa Simu Bila Makosa na Bila Maumivu

Toka Kibosho hadi Marangu sasa twaandikiana kwa simu za kugusa. Kibodi za Gboard na SwiftKey zote zinakubali Kiswahili. Lakini kibodi ikiachwa kwenye Kiingereza, hugeuza maneno yetu yaliyo sahihi. Maelekezo ya dawa za bibi yakigeuzwa neno moja tu, ni hatari. Basi kwanza chagueni Kiswahili katika mipangilio.

Kioo cha simu hutambua umeme mdogo wa kidole. Ndiyo maana mikono yenye sugu za jembe, au iliyolowa mvua, hukosea herufi. Kausheni mikono na kuongeza kimo cha kibodi.

Utafiti wa mwaka 1999 haukuzijua simu hizi. Ule wa 2019, wa watu zaidi ya 37,000, ulionyesha kuwa wanaotumia vidole gumba viwili huandika upesi zaidi. Hata hivyo gumba huchoka. Maumivu kwenye kifundo upande wa gumba yalielezwa na daktari Fritz de Quervain wa Uswisi tangu 1895. Pumzisheni mkono, yasipopungua, nendeni zahanati.

Na ujumbe wa dawa usomwe tena kabla ya kutumwa.