Sayansi ya Sayari na Ardhi ya Goma: Nyanja za Utafiti na Lugha ya Tahadhari

Sayansi ya sayari ni taaluma inayochunguza umbile, miamba, angahewa na historia ya sayari pamoja na miezi yake. Aghalabu jina hilo humkumbusha msomaji darubini na vyombo vya angani, akasahau kwamba Dunia nayo ni sayari. Makala haya yanafafanua nyanja tatu za utafiti huo kwa mfano wa Goma, mji wa Kivu ya Kaskazini uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, kiasi cha kilomita 20 kusini mwa mlima Nyiragongo.

Nyanja ya kwanza ni ya volkano. Kadiri silika inavyopungua katika lava, ndivyo lava inavyozidi kuwa majimaji. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, hivyo hutiririka kama uji mwembamba. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilijimwaga kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja, likaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikawaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Maziwa ya lava ya namna hii huwavutia pia wachunguzi wa Io, mwezi wa Mshtarii, ambako volkano hai ziligunduliwa mwaka 1979 katika picha za chombo Voyager 1. Huko kuna Loki Patera, bonde lenye upana wa kilomita 200 hivi, linalodhaniwa kuwa ziwa la lava. Joto linalopimwa duniani husaidia kufasiri joto linaloonekana kwa mbali huko Io.

Nyanja ya pili ni ya gesi. Angahewa ya Zuhura ni kabonidayoksaidi kwa takriban asilimia 96. Goma nako gesi hiyo hupenya kutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo, ikaua wanyama na hata watu. Wenyeji huiita mazuku, na neno hilo sasa hutumika katika makala za kisayansi za Kiingereza na Kifaransa bila kutafsiriwa. Hapa njia ya istilahi imegeuka: Kiswahili, ambacho mara nyingi hukopa, kimekopwa. Kina cha Ziwa Kivu nacho kimehifadhi kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi hiyo, pamoja na 60 hivi za methani. Hatari ya hazina kama hiyo ilidhihirika nchini Kameruni tarehe 21 Agosti 1986, gesi ya Ziwa Nyos ilipofumka na kuua watu wapatao 1,700.

Nyanja ya tatu ni ya upimaji kwa rada. Mawingu ya Zuhura hayapenyeki kwa macho, hivyo chombo Magellan kiliichora sayari hiyo kwa rada kati ya 1990 na 1994. Juu ya milima ya Virunga pia mawingu ni mengi. Setilaiti hupiga picha mbili za rada kwa nyakati tofauti, na zikilinganishwa huonyesha ardhi iliyoinuka au kudidimia kwa sentimita chache tu.

Umuhimu wa mbinu hiyo ulionekana mwaka 2021. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulibainisha kwamba dalili za wazi zilitangulia kwa muda usiofika saa moja. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Hata hivyo, vipimo vya mitetemo na vya rada vilionyesha kwamba magma ilikuwa ikisafiri chini ya mji kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei wakuu wa jimbo waliamuru wakazi wa mitaa 10 wahame, ukiwemo Murara katika wilaya ya mji ya Karisimbi. Maelfu kwa maelfu walishika njia ya Sake au ya kuvuka mpaka kwenda Rwanda. Mwishowe magma haikutokeza juu.

Tukio hilo linawahusu pia wanafunzi wa lugha. Mkazi wa Murara aliambiwa ahame ilhali mtaani mwake hakukuwa na moto wala moshi. Hatari ilikuwa chini ya miguu yake. Ili aamini, hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, na kwamba ukishatoka juu ndipo huitwa lava. Asipoelezwa hivyo, magma ikikosa kutokeza atadhani alidanganywa, na mara nyingine hatahama.

Kwa hiyo uundaji wa istilahi za sayansi ya sayari si kazi ya kujaza kamusi tu. Neno mazuku linafundisha kwamba wenyeji walikwisha kuitambua hatari na kuipa jina kabla haijaingia katika majarida. Idara za Kiswahili na za jiolojia zikishirikiana, zianze kwa kukusanya maneno ya aina hiyo, ndipo zikope pale yanapokosekana.