Chama chetu cha Pwani: Garsen imo au haimo?

Kila uchaguzi unapokaribia, Pwani husikika wito ule ule: tuwe na chama chetu wenyewe. Wito huo si mpya, na sisi wa Tana River tuna sababu ya kuujua ulikotoka.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka Mto Umba karibu na Vanga hadi Kipini. Sultani alibaki na haki yake juu ya ukanda huo, nao Waingereza wakimlipa kila mwaka. Uhuru ulipokaribia, Coast People's Party na wenzao wa Mwambao walidai ukanda huo usiunganishwe na Kenya. Walichokihofia ni kumezwa na bara lenye kura nyingi.

Lakini tazama ramani. Kipini imo ndani ya maili kumi, Garsen iko nje. Mpokomo wa Ozi angekuwa na nchi yake, na nduguye wa Garsen na nchi nyingine. Ng'ombe wa Waorma wanaoshuka delta wakati wa kiangazi wangevuka mpaka kufuata maji.

Jawabu la pili lilikuwa KADU, chama kilichoundwa Juni 1960, Ronald Ngala wa Kilifi akiwa kiongozi wake. Hofu ilikuwa ile ile, lakini KADU ilikusanya jamii ndogo ndogo za pwani na za bara, na ikadai majimbo ndani ya Kenya moja.

Yote mawili hayakudumu. Oktoba 1963 Kenya na Zanzibar zilikubaliana ukanda uwe sehemu ya Kenya, mahakama za kadhi zikilindwa. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, viongozi wake wakaingia KANU, na majimbo yakafa nayo.

Katiba ya 2010 ilirudisha sehemu ya ndoto hiyo kwa jina la ugatuzi, nasi tukapata kaunti yetu, makao makuu Hola. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 91, inakataza chama kujengwa juu ya dini, kabila au eneo. Kwa hiyo chama chenye mizizi Pwani sharti kifungue mlango kwa Wakenya wote.

Msomaji, funzo ni hili. Kabla ya kuuliza chama ni cha nani, uliza mpaka wake unapita wapi. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa hapa delta katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na ugomvi wa mashamba, malisho na maji ulikuwamo. Kaunti tulikuwa tumeshaahidiwa, na bado tukauana.

Anayekuja Garsen na bendera ya Pwani, na atuambie kwanza mkulima na mfugaji watafikaje mtoni bila kupigana. Akikosa jibu, rangi ya bendera yake haitatufaa kitu.