Je, Wajua? Muhogo, Jongoo na Mifupa ya Mtwapa

Ukishuka matatu Shanzu ukakata kuingia Utange, hutatembea sana kabla hujamkuta mama amekaa nyuma ya karai la mafuta, anakaanga muhogo. Anautoa ukichuruzika mafuta, anaupasua katikati, anautia pilipili na chumvi, anaukamulia ndimu, kisha anakufungia kwenye kipande cha gazeti. Je, wajua kwamba huenda nyuma ya kipande hicho kuna karibu miaka tisini ya utafiti?

Huko Amani, katika milima ya Usambara, miaka ya 1930, mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey alikuwa akihangaika na maradhi mawili ya muhogo. La kwanza, batobato, unaliona kwa macho: majani yanakunjamana na kuingia rangi mbilimbili. La pili, michirizi ya kahawia, ambalo Storey alilieleza kwa maandishi mwaka 1936, ni la hila zaidi. Mti husimama shambani kama kawaida, pengine majani ya chini yameingia umanjano kidogo tu. Mkulima husubiri mwaka mzima. Siku ya kung'oa anaukata muhogo, na ndani anakuta mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa. Hauliki wala hauuziki.

Storey na wenzake waliamua kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira, kisha wakarudisha uzao wake kwa muhogo tena na tena hadi wakapata mimea inayostahimili. Mmoja wao ulipewa nambari 46106/27. Mkulima hapandi nambari. Pwani ya Kenya mmea huo ukaitwa Kaleso, na kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo maarufu uitwao Namikonga. Baadaye wataalamu wa vinasaba walipoilinganisha wakakuta ni mmea mmoja. Vipande vya shina vilikuwa vimetembea kutoka mkono hadi mkono, na kila palipofika watu wakavipa jina lao.

Kazi hiyo haijakwisha. Ukivuka daraja la Mtwapa kutoka huku kwetu unafika kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, ambako zimetoka mbegu za muhogo zenye majina kama Tajirika, Karembo, Shibe na Siri. Nayapenda majina haya. Aliyeyachagua alijua kwamba mbegu isiyoitika vizuri mdomoni haitapata shamba.

*

Mtupa jongoo hutupa na mti wake, twasema, na ndivyo tulivyolelewa: jongoo akiingia nyumbani huinuliwa kwa kijiti, vikarushwa vyote viwili nje. Bamburi, jirani zetu kabisa, walifanya kinyume chake. Waliwaokota jongoo na kuwapeleka mahali walipohitajika.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kila tani ya saruji ilitoka katika mwamba wa matumbawe. Kufikia 1971 palikuwa na mashimo mapana, meupe, yenye joto la kuunguza nyayo, bila hata kiganja cha udongo, na maji ya chumvichumvi karibu na uso wa ardhi. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akapanda humo aina 26 za miti. Zilizosimama ni tatu tu: mnazi, mti wa nchi kavu uitwao damasi, na mvinje.

Mvinje ulifaulu kwa sababu mizizini mwake huishi vijiumbe vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo mzuri ili uanze. Lakini likazuka tatizo jingine. Vijani vyake vyembamba kama sindano vilidondoka vikalala pale pale, havikuoza, maana vimejaa asidi ya ukakasi ambayo viozeshi vya kawaida haviiwezi. Msitu ukaota juu ya zulia kavu. Ndipo Haller akamwona jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, yule yule tunayemrusha, akila sindano hizo bila shida. Wakaletwa kwa mamia. Walichokula kikatoka mboji, na juu ya mboji hiyo zikaota nyasi na miti mingine. Leo anayetembea katika bustani ya Haller anakanyaga udongo uliopita tumboni mwa jongoo. Mimi kila nikipita hapo huinama, nikafukua kidogo kwa kidole: juu sindano za rangi ya kutu, chini yake unga mweusi wenye unyevu, na chini kabisa jiwe jeupe.

*

Je, wajua kwamba ubishi wa zamani kuhusu asili ya Waswahili ulichunguzwa upya kwa mifupa iliyotoka upande wa pili wa hori yetu? Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba amechimba magofu ya mji wa kale wa Mtwapa kwa miaka mingi. Machi 2023, yeye na kundi kubwa la wenzake walichapisha katika jarida la Nature vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa ikiwemo.

Walichokuta hakikumpa mbishi yeyote ushindi mzima. Kwa wengi wa marehemu hao, zaidi ya nusu ya nasaba ni ya Kiafrika, nayo imekuja hasa kupitia kwa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, na katika hiyo asilimia 80 hadi 90 imetoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Washirazi waliotoka Uajemi hawakuwa wakijitungia, na waliosema Mswahili ni Mwafrika hawakukosea. Wakoloni waliodai kwamba miji hii ilijengwa na wageni, wenyeji wakitazama, ndio waliokuwa nje ya ukweli.

Na lugha ilikuwa imeshatoa ushahidi wake mapema. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, waliweka Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika ukoo mmoja uitwao Sabaki, kwa jina la mto. Ukisimama kwenye ua wowote wa Utange, bibi akimwita mjukuu kwa Kigiriama na mjukuu akaitika kwa Kiswahili, umesikia lugha mbili za tumbo moja.

Na kuna mifupa ya kale zaidi ya ile ya Mtwapa: katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu kilichooza zamani, kama mto wa kulalia. Watafiti wakampa jina la Mtoto.

*

Utafiti si wa maabara peke yake. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki 2017, alitumia utenzi kama wengine wanavyotumia daftari la utafiti. Sambo ya Kiwandeo, uliotoka 1979, unaeleza jinsi jahazi linavyojengwa. Umbuji wa Mnazi, wa 1985, unaueleza mnazi na matumizi yake. Aliona mafundi wanakufa na msamiati wao, akaufunga katika vina ili usipotee. Ni yeye pia anayetajwa kuunda neno tarakilishi, akiunganisha tarakimu na akili.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha vigango. Mgiriama wa chama cha wazee wa Gohu akifariki, hatimaye huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na mwili uliochorwa pembetatu kwa kisu. Si sanamu ya kupamba. Ni marehemu mwenyewe amesimama kati ya watu wake, na hufikiwa kwa kinywaji na maneno. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mzee alimwomba Udvardy amsaidie kuvitafuta, lakini mzee akafariki bila kuviona.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana katika makumbusho mengine, Virginia. Vyote viwili vilirudi, na Juni 2007 kimoja kikakabidhiwa familia kijijini. Hapo kilichokuwa ushahidi ni picha moja na kumbukumbu ya mtu aliyekaa na mzee akamsikiliza. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver nayo yalirudisha Kenya vigango 30.

*

Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya kilichoanzishwa 1989 ambacho kimeshiriki majaribio ya chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Hilo wengi wamelisikia. Linalosikika kidogo ni kwamba hapo pia umefanyika utafiti juu ya utafiti wenyewe. Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha walichokipata walipouliza wazazi wanaelewa nini wanapotia sahihi karatasi ya ridhaa. Wengi walidhani mtoto anapewa matibabu tu. Uvumi kuhusu damu inayochukuliwa ulikuwa ukizunguka vijijini, na watafiti hawakuuita ujinga. Waliuchukulia kama swali la haki kutoka kwa watu wasiojibiwa vya kutosha.

*

La mwisho ni la hapa hapa. Baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka Januari 1991, Wasomali kwa maelfu walikimbilia pwani ya Kenya, na Utange ikawa kambi ya wakimbizi hadi kambi za pwani zilipofungwa katikati ya miaka ya 1990. Miongoni mwa waliofika Mombasa kwa mashua walikuwa watu wa mji wa Barawa, na kinywani mwao walikuwa na Chimiini, ndugu ya Kiswahili chetu aliyeishi kaskazini kabisa. Ni lugha iliyohifadhi tofauti ya irabu fupi na ndefu ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha. Bibi mmoja wa huko, Dada Masiti, aliyefariki 1919, alitunga kwa lugha hiyo mashairi ya dini ambayo Wabarawa wameyahifadhi hadi leo.

Wabarawa wakatawanyika: London, Atlanta, Columbus. Lakini miaka mingi kabla ya vita, mwana wa Barawa, Mohammad Imam Abasheikh, alikuwa ameshaanza kuichunguza lugha ya mama yake pamoja na mwanaisimu Charles Kisseberth. Kamusi yao ilichapishwa Tokyo mwaka 2004. Hawakuorodhesha maneno peke yake. Wameyaweka ndani ya sentensi, jinsi mtu wa Barawa anavyoyasema nyumbani kwake.