Gofu: Mita Mbili za Mwisho Hazitaki Nguvu

Ndugu askari wachezao gofu, wengi wenu hupeleka mpira mita 200 kwa ustadi, kisha mkashindwa na mita mbili za mwisho. Kwenye grini, yale majani mafupi yazungukayo shimo, nguvu ni adui. Kipimo cha kasi yake alikibuni Edward Stimpson wa Marekani mwaka 1935: mpira huteremshwa kwenye kifereji, ukibingirika kupita mita 3 penye tambarare, grini ina kasi.

Hapo fupisheni mwendo wa fimbo, lakini msisite katikati ya pigo. Penye mteremko wa kando, lengeni juu zaidi ya shimo, maana mpira wa polepole hupinda sana. Shimo lina upana wa milimita 108: mpira mtulivu ukigusa ukingo hutumbukia, wenye mbio huruka. Mlenga shabaha hodari hafyatui kwa pupa.