Saa ya tatu: Seiko au Orient?

Mfanyabiashara wa Kamembe mwenye saa mbili za otomatiki, akiwa ametenga fedha za kununua ya tatu, hujikuta kati ya majina mawili ya Kijapani: Seiko 5 Sports na Orient Kamasu. Fedha hizo zingeweza kuwa mtaji wa kuvuka daraja la Rusizi hadi Bukavu, kwa hiyo kukosea ni hasara.

Kwa mashine hazipishani sana. Zote hujijaza kwa mwendo wa mkono, na zikivuliwa huenda kwa takribani saa 40. Iliyovuliwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi itakutwa imesimama. Hapo huzungushwa kitufe cha pembeni, nayo ikaamka. Seiko 5 za zamani zenye mashine ya 7S26 hazijazwi hivyo. Ni kuzitikisa au kuzivaa. Anayeuziwa mtumba aulize kwanza.

Tofauti iko nje. Kamasu ina kioo cha yakuti, kigumu kukwaruzika, kitufe kinachokazwa kama parafujo, na uwezo wa mita 200 majini. Seiko inaishia mita 100, na kioo chake hukwaruzika upesi zaidi. Kwa anayeshusha magunia na kupanda boti ziwani Kivu, Orient inashinda. Wa kukaa dukani achukue Seiko, ana sura nyingi za kuchagua.

Akienda Kampala asogeze mishale saa moja mbele; Bukavu hana haja. Tarehe asiiguse kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, meno ya gia yasije yakavunjika.