Kamera ya Nyumbani na Sikio Lake

Mwaka jana jamaa zangu wa hapa Musienene walinikabidhi kaseti moja niipeleke Kampala. Ilikuwa kaseti ndogo ya namna iitwayo Video8, na ndani yake imo arusi ya shangazi yangu iliyofungwa mwaka 1994. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi ilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya, imeviringwa ndani ya kitambaa safi. Sababu yake ni moja. Katika arusi ile babu yetu, aliyefariki kabla mimi sijaanza shule, alisimama mbele ya watu akambariki binti yake kwa Kinande, akawataja wazee wa ukoo mmoja mmoja tangu yule aliyefyeka msitu wa kwanza.

Hatukuwa na mashine ya kuichezesha. Mpiga picha wa siku ile alihama zamani pamoja na kamera yake, nayo kaseti ya Video8 haiingii katika mashine ya kaseti kubwa za VHS. Wakubwa waliitazama mara moja tu kwa televisheni ya jirani, wakaona picha nyeusi na nyeupe, sauti hafifu. Wakailaumu televisheni. Kwa habari ya rangi hawakukosea. Zaire ilifuata mfumo wa Kifaransa uitwao SECAM, hali Uganda na Kenya zilifuata PAL ya Kijerumani. Kaseti ya PAL ikionyeshwa katika televisheni ijuayo SECAM peke yake, rangi hupotea.

Fundi wa Kampala aliifuta ukungu, akahamisha picha zote katika kijiti kidogo cha kompyuta. Nikavuka tena mpaka wa Kasindi, na jioni ya Jumapili tukakusanyika wote sebuleni. Kweli, rangi zilirudi! Shangazi alipiga vigelegele alipokiona tena kitenge cha manjano cha mama yake. Kisha babu akainuka, kofia mkononi, akaanza kunena. Midomo yake ilikwenda vizuri, macho yake tuliyaona yakilengwa na machozi. Lakini masikioni mwetu ilikuja mvua tu, mvua ya alasiri juu ya mabati, na katikati ya mvua kikohozi cha mpiga picha mwenyewe, ambaye alisimama mlangoni, hatua kumi na mbili kutoka kwa mzee. Nyanya akauliza, “Anasema nini?” Hakuna aliyeweza kumjibu.

Wasomaji wapenzi, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mwezi uliofuata tulikaa baraza kushauriana juu ya kununua kamera yetu wenyewe kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu, na katika baraza lile hakuna aliyeitaja mvua. Shemeji yangu alikuwa ameiona kamera kubwa huko Butembo, ya kuchukuliwa begani kama ya watu wa televisheni, kwa dola 180. “Watu wakiiona tu,” alisema, “watajua kwamba arusi ni ya heshima.” Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ilikula kaseti.

Hapo yafaa kujua kidogo habari za mashine hizi. Kamera ya kwanza ya nyumbani iliyounganisha jicho na kinasa katika chombo kimoja ilitolewa na Sony mwaka 1983. Iliweza kunasa lakini haikuweza kuonyesha ilichonasa. Mwaka 1985 ikaja Video8, na mwaka 1995 kaseti ndogo za DV. Kila namna ilikuja na mashine zake, na kila namna ikazeeka pamoja nazo. Kampuni ya Funai ya Ujapani, ambayo ilikuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Basi anayenunua leo kamera ya kaseti, hata kwa bei ya kuku, ananunua sanduku la bati jingine la kuweka chini ya kitanda. Shemeji alinuna siku mbili.

Nitasema pia jambo ambalo wenye maduka hawatanishukuru. Familia yenye simu nzuri haina haja kubwa ya kamera. Inunue kinasa-sauti kidogo cha kubandikwa kifuani mwa msemaji, na mti wa miguu mitatu wa kusimamishia simu, yatosha kwa ubatizo na kwa sikukuu. Kamera ina faida penye shughuli ndefu, kwa maana simu hulia katikati ya hotuba, hujaa, hupata joto, na betri yake ikiisha huwezi kutia nyingine. Kamera pia huvuta kwa lenzi ya kweli. Hapa mjihadhari na maneno yaliyoandikwa kwenye kasha. Pana kuvuta kwa lenzi, na pana kuvuta kwa hesabu, ambako ni kuitanua picha ileile mpaka nyuso zigeuke vigae. Tarakimu kubwa za kasha kwa kawaida ni za namna hii ya pili. Ulizeni ile ndogo.

Wengine hununua kamera ya picha za kawaida yenye uwezo wa video. Si vibaya, ila nyingi za zamani za namna hiyo hujizima zikifika karibu dakika 30, kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Ulaya iliyotoza zaidi kamera za kunasa muda mrefu kuliko huo. Mnaojua jinsi wazee wetu wanavyojadiliana juu ya mbuzi wa mahari mtaelewa kwamba dakika 30 hazifiki hata kwenye mbuzi wa kwanza.

Bidhaa nyingi za Butembo hutoka Dubai na China, hupitia Mombasa na Kampala, na nyingine zimekwisha kutumiwa Ulaya au Marekani. Kwa hiyo msinunue kwa kutazama ngozi. Mimi nilikwenda na kadi yangu ya kumbukumbu na visikizi vyangu vya masikioni. Nilimwomba mwenye duka asimame hatua tano mbali na kusoma bei zake kwa sauti ya kawaida, pikipiki zikipita barabarani. Katika kamera nne nilizojaribu, tatu zilisikia pikipiki vizuri kuliko mtu! Ya nne ilikuwa na tundu dogo ubavuni la kuchomekea kinasa-sauti cha nje, na tundu la pili la visikizi, ili mpiga picha asikie kile ambacho kamera inasikia. Betri yake hutolewa, tena hujazwa kwa waya uleule wa simu, yaani hata kwa kibao cha jua. Bei ilikuwa dola 230. Nikailipa.

Kadi zina hila zake. Zipo zilizoandikwa uwezo ambao hazina, nazo hupokea picha kwa utii na kuzipoteza kimyakimya. Ijazeni kadi yote nyumbani kabla ya siku yenyewe, kisha itazameni hadi mwisho. Kwa picha za ubora wa kawaida wa siku hizi, kadi ya gigabaiti 32 huchukua kama saa nne; kwa zile za ubora wa juu sana, waitao 4K, hupungua hata kufikia saa moja hivi, na kompyuta nyingi za kwetu huzionyesha kwa kukwamakwama. Hatuna haja nazo.

Na nakala iwe zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja. Mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, watu wengi walikimbilia Lubero na Butembo wakiwa na watoto na magodoro. Albamu za picha zilibaki ukutani na mezani. Kadi yenye ukubwa wa ukucha hushonwa katika pindo la kitenge. Ila njiani kamera yenyewe ifichwe, wala isielekezwe kamwe kwenye kizuizi cha askari, hata kwa mchezo wa mtoto.

Kabla ya arusi tuliijaribu kamera kwa nyanya. Alasiri ile mvua ilinyesha kama kawaida yake. Tulimbandikia kinasa-sauti kwenye leso, mimi nikavaa visikizi, na sauti yake ikanifikia karibu kabisa, mabati yakinong’ona kwa mbali nyuma yake. Tulimwomba aseme baraka ya babu kwa kadiri anavyoikumbuka. Alitaja majina kumi na moja. La kumi na mbili halikumjia, akatuambia tuzime mashine, atalikumbuka kesho.