Elektroni, Munyu na Dhahabu: Jinsi Atomu Zinavyoungana

Utangulizi

Katika maboma mengi yanayozunguka soko la Khayega, kando ya barabara itokayo Kakamega kuelekea Kisumu, mrenda na kunde huhesabiwa kuwa havijapikwa vyema bila munyu musherekha. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, jivu lake likatiwa katika chombo chenye vitundu chini, kisha maji yakamiminwa juu yake polepole. Kioevu kinachodondoka ndicho kinachotiwa chunguni ili kulainisha mboga. Makala haya yananuia kueleza jinsi elektroni zinavyoziunganisha atomu za munyu huo. Baadaye yatavuka hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Ikolomani, ambako kutolielewa suala hili huhatarisha maisha. Aidha, yatadai kwamba mwanafunzi wa fasihi ana nafasi katika mjadala huu. Istilahi nyingi za kemia ni istiari, na istiari isipochunguzwa hupotosha.

Atomu na elektroni zake

Atomu ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na kwa kawaida nyutroni, ambazo hazina chaji. Nje ya kiini mna elektroni zenye chaji hasi, ambazo J. J. Thomson alizitambua mwaka wa 1897. Chaji zinazotofautiana huvutana, nazo zinazofanana husukumana. Elektroni hukaa katika matabaka: tabaka la kwanza hutosheka kwa elektroni mbili, la pili kwa nane. Vitabu vya shule huzichora zikizunguka kiini mithili ya sayari, mchoro unaotokana na nadharia ya Niels Bohr ya mwaka wa 1913. Sayansi ya baadaye ilibainisha kwamba ni afadhali elektroni ifikiriwe kama wingu linalokizingira kiini. Hata hivyo, jambo la msingi halibadiliki: elektroni za nje ndizo zinazoshiriki katika muungano.

Munyu: kutoa na kushirikiana

Mojawapo ya chumvi kuu zinazotoka katika jivu la mimea ni kaboneti ya potasiamu. Elektroni 19 za potasiamu zimepangwa 2, 8, 8, 1. Kaboni ina 2, 4. Oksijeni ina 2, 6. Ili matabaka yao ya nje yafikie nane, kaboni imepungukiwa na nne na kila oksijeni imepungukiwa na mbili.

Katika kaboneti, kaboni moja huungana na oksijeni tatu kwa kushirikiana jozi za elektroni. Wazo hili la jozi inayomilikiwa na atomu mbili kwa pamoja lilitolewa na Gilbert N. Lewis wa Marekani mwaka wa 1916. Kaboni hushirikiana jozi mbili na oksijeni ya kwanza, na jozi mojamoja na zile mbili zilizosalia. Kaboni sasa ina nane, na oksijeni ya kwanza vilevile. Lakini oksijeni mbili zina saba saba. Hapo ndipo potasiamu inapoingia: atomu mbili za potasiamu hutoa elektroni moja moja, na pengo likazibika. (Kwa hakika elektroni hizo huenea kwa usawa katika oksijeni zote tatu, ila hesabu ni ile ile.) Potasiamu iliyotoa hubaki na chaji chanya, kaboneti iliyopokea ikawa na chaji hasi, na mvutano wa chaji hizo ukaishikilia chumvi.

Kwa hivyo munyu mmoja una miungano ya aina mbili: ule wa kutoa na kupokea, na ule wa kushirikiana. Maji yanapopita katika jivu huitenga potasiamu na kaboneti, kila moja ikazingirwa na molekuli za maji. Muungano wa kaboni na oksijeni nao hausambaratiki.

Istiari zinazopotosha

Msomaji makini ameona kwamba tumesema atomu "hutosheka" na "imepungukiwa". Hiyo ni tashihisi. Atomu haitaki wala haihitaji chochote. Inapoungana na nyingine, jumla ya nishati yake na ya mwenziwe hupungua, na nishati iliyozidi hutoka, aghalabu kama joto.

Istilahi "kifungo" ina tatizo kubwa zaidi. Neno hili humkumbusha msomaji shati au gereza: kitu cha tatu kinachowabana wawili. Tena humfanya adhani kuwa kifungo kikikatika, nguvu iliyozuiliwa hufunguka. Ukweli ni kinyume. Kuvunja muungano hugharimu nishati. Kuungana ndiko kunakoitoa. Kuni za jikoni huhitaji kiberiti kwanza kwa sababu hiyo. Joto linaloivisha mboga hutoka pale kaboni na haidrojeni za kuni zinapoungana upya na oksijeni ya hewani, kwa nishati inayozidi ile iliyotumika kuvunja miungano ya awali.

Kiswahili kina jawabu katika sarufi yake. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana huonyesha tendo linalokwenda pande zote mbili. "Muungano" na "mvutano" ni nomino zilizotokana na vitenzi vya aina hiyo, nazo hazidai kuwepo kwa kamba yoyote. Kuna viini na elektroni zinazovutana, basi.

Dhahabu na zebaki

Dhahabu imechimbwa Kakamega tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo wa Ikolomani, majirani wa Khayega, wangali wanaitafuta. Katika metali, elektroni za nje si mali ya atomu moja wala ya jozi. Huzagaa katika kipande kizima, zikawa shirika la wote. Kwa sababu hiyo dhahabu hufuliwa bila kuvunjika. Zebaki pia ni metali, na hushika chembe za dhahabu zilizomo katika mchanga, zikawa donge moja. Mchimbaji hulipasha donge hilo moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 hivi za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki hadi 1064. Zebaki huondoka, dhahabu ikabaki.

Husemwa kwamba zebaki "imechomwa". Neno hilo ni la hatari, kwani kilichochomwa tunakidhania kimekwisha. Moto umevunja muungano tu. Atomu za zebaki zingalipo, zote, katika mvuke anaouvuta mchimbaji na mtoto aliyeketi karibu naye. Mvuke huo hudhuru ubongo, neva na figo.

Hitimisho

Mwaka wa 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hivyo hoja kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi haina mashiko. Kilichosalia ni kuupima msamiati huo kwa ukweli unaoubeba, kazi ambayo wanafunzi wa isimu na fasihi wameiachia wengine kwa muda mrefu. Na tuanze na sentensi moja, ifikishwe machimboni jinsi ilivyo: zebaki haikuchomeka, imeachana na dhahabu, nayo ingali hewani.